Wifi Yangu Alipopumzishwa

Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, nilimtania kama wifi anavyotaniwa. Nilimwambia, wewe mwanamke, umekuja kutuibia kaka yetu. Akaweka kikombe mezani, akafikiri, akanijibu kwamba hakuja kumwiba, na kwamba siku yoyote nikimhitaji kaka yangu niseme tu, atamruhusu aje. Nikaenda jikoni kumwambia mama, huyu ana jeuri, huyu nitamnyoosha. Kumbe lile lilikuwa jibu lake la kweli kabisa, na mpaka leo hajalivunja. Kila draya yangu inapoharibika nikimpigia kaka simu, anakuja, hata kama walikuwa wamepanga mambo yao.

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu ndogo, viti vitatu na benchi la kusubiria, na mdomo wangu hauna breki, kila mteja anajua. Lakini masikio yangu yamesoma kuliko mdomo. Mteja akijitazama kwenye kioo na kusema, "Umenisuka vizuri, ila basi tu kichwa changu ndivyo kilivyo," najua nimekaza mno na harudi tena. Akisema atapita wiki ijayo "Mungu akipenda" huku anatafuta viatu, najua amepata msusi mwingine. Watu hawamaanishi wanachokisema. Mimi hilo nimelijua tangu nikiwa na meno ya utoto.

Wifi yangu hakulijua. Ukimwambia, "Pita siku moja utusalimie," anauliza siku gani. Jirani mmoja alimwambia mlangoni, "Karibu tena," kesho yake wifi akaenda, akakaa, akamkuta mwenye nyumba amefunga kitambaa kichwani na ndoo ya maji mkononi. Tulicheka hadi machozi, na yeye akacheka, ingawa hakujua hasa kinachochekesha ni nini. Alikuwa mtu wa kuamini neno lako. Ukilitoa, amelipokea, amelitunza.

Kazi yake ilikuwa kwenye maabara ya kupima dawa. Dawa zikishuka, kabla hazijapelekwa hospitalini, zinapita kwao. Yeye alikuwa anachukua kidonge, anakisaga, anakiyeyusha, anakitia kwenye mashine, halafu anatazama mistari kwenye kioo inavyopanda na kushuka. Alinieleza mara nyingi, mimi nikaelewa kidogo. Nilichoelewa vizuri ni kwamba alikuwa anaipenda kazi ile kuliko chakula. Alisema kidonge hakina maneno ya pembeni. Kimeandikwa kina kitu fulani, wewe unaangalia kama kinacho, basi, mmemalizana.

Na alikuwa na Pacha. Pacha si ndugu yake, ni rafiki yake wa chuo, walikaa chumba kimoja wakiwa wasichana na wakaitana hivyo mpaka jina likagoma kutoka. Pacha ni mcheshi, mrembo, anaingia mahali kila mtu anageuka. Chuoni ndiye aliyekuwa mkalimani wa wifi yangu. Mwalimu akimwambia wifi, "Kazi yako inavutia," Pacha alimnong'oneza kwamba maana yake haijampendeza, airudie. Wenzao wakisema, "Tutakuita tukienda," Pacha alimwambia usisubiri, wale hawakuiti. Wifi mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, kwa shukrani, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyejua jinsi maneno yanavyoingia kwenye kichwa cha wifi yangu, mtu huyo ni Pacha. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakinisikia nikimtukana huwa wanadhani nina roho mbaya.

Wifi alipokuwa mtu mzima tayari, na mvi zimeanza, daktari mmoja alimwambia ana usonji. Sisi tulishtuka. Yeye alifurahi kama mtu aliyepata kitambulisho chake kilichopotea. Alirudi nyumbani akatueleza kwamba ndiyo sababu ile taa inayovuma inamchosha, ndiyo sababu hapendi kukumbatiwa, ndiyo sababu hajui mtu anapotania. Alitueleza mimi, kaka na Pacha. Wengine hakuwaambia.

Haukupita muda Pacha akawa mkurugenzi wa maabara. Akamwita wifi ofisini akamwambia ana wazo. Pale kazini kuna watu wengi wenye akili za namna yao, mmoja hawezi kelele, mwingine herufi zinamchezea, mwingine hatulii kitini, na wote wanajificha wakiogopa kuonekana wabovu. Anataka kitengo cha kuwasaidia wafanye kazi kwa amani, na anamtaka wifi akiongoze. Aache koti jeupe, aje ghorofa ya juu, awe kiongozi.

Wifi alikuja saluni kunieleza. Hakutaka kuiacha mashine yake. Alisema hajui kuongoza watu, anajua kuongoza vidonge. Mimi ndiye niliyemsukuma, nilimwambia wifi, nenda, wangapi wanapewa? Kaka naye akasema uamuzi ni wake. Akarudi kwa Pacha na masharti mawili, akayasema kama anavyosema mambo yake, bila kulainisha. La kwanza, kazi ikimshinda au wakiona hafai, arudishwe maabarani kwenye kiti chake. La pili, Pacha asimzungushe kamwe. Ikitokea jambo baya amwambie kwa neno lake. Pacha akamshika kidole kidogo, maana ndivyo walivyokuwa wakisalimiana tangu chuo kwa sababu ya kukumbatiana kule, akamwambia, "La kukuambia nitakuambia kama lilivyo. Wewe na mimi hatuzungukani."

Jina la kitengo lilikuwa refu, Kitengo cha Ujumuishi wa Akili Tofauti. Sisi saluni tukakiita kitengo cha wifi. Na alikiongoza, msione hivi. Aliziondoa zile taa za tyubu zilizokuwa zinavuma kwenye korido. Akasema mikutano yote mada zitolewe mapema, watu wasivamiwe na maswali. Stoo kulikuwa na karani aliyekuwa anatetemeka simu ikilia, miaka yote wakimwita mvivu. Wifi akaamuru yule atumiwe ujumbe wa maandishi tu, na stoo ikaanza kwenda vizuri hata waliomsema wakanyamaza. Akatenga chumba kimoja kidogo chenye pazia zito na kochi, mtu akizidiwa na kelele aingie, akae, atoke. Na akaweka kanuni ya kitengo, kwamba humu ndani kila kitu kinasemwa moja kwa moja, hakuna kukonyezana.

Vituko havikukosekana. Mkuu wa idara moja alimwomba maoni kuhusu hotuba yake, wifi akamwambia ni ndefu na sehemu ya katikati haina maana. Bwana yule alinuna wiki nzima. Lakini baadaye watu wakazoea, wakawa wanamwambia, "Nipe maoni matamu," au, "Nipe ya kweli," naye anakupa uliyoagiza. Mapokezi wao, dada mmoja mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ananieleza akiwa chini ya draya kwamba pale kazini hapajawahi kuwa na raha kama wakati ule. Wifi mwenyewe alikuwa na raha, ila saa za chakula alikuwa anashuka, anasimama nje ya kioo cha maabara, anaitazama mashine yake kidogo, kisha anapanda.

Halafu wakaja wageni. Wakubwa, wa kukagua na kusifu, na Pacha aliwangoja kwa hamu maana sifa zile zote alikuwa anazibeba yeye. Wakatembezwa, wakaonyeshwa chumba cha pazia, wakapiga picha. Mmoja akamwuliza wifi kama wafanyakazi wote wanafaidika. Wifi akamjibu kwamba hapana, ghorofa ya chini bado taa ni zile zile, ameomba zibadilishwe mara kadhaa na mkurugenzi ameahirisha, na kwamba watu wawili wameacha kazi kwa sababu hiyo. Alisema hayo Pacha amesimama pembeni yake. Mapokezi anasema Pacha alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. Wifi alikuja kuniambia ziara ilikwenda vizuri, wageni waliuliza maswali mazuri na yeye aliyajibu yote.

Sasa nije kwenye ile Jumatano. Nilikuwa jikoni kwao nimerudisha pasi niliyoazima, nikaona nisiondoke nawaachia vyombo kwenye karai, nikaanza kuosha. Wifi akaingia anatabasamu, na wifi yangu si mtu wa kutabasamu ovyo. Akavua viatu, akavipanga, akasema amepata mapumziko.

Nikamwambia hongera, ya muda gani? Akasema muda haujatajwa. Halafu akanisimulia maneno yenyewe, maana yeye maneno ya mtu hayapunguzi wala hayaongezi. Pacha alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akamwambia, "Pacha wangu, umejitoa sana kwa ajili yetu. Uongozi umeona tukupumzishe." Wifi akauliza mpaka lini. Pacha akasema, "Pumzika kwanza. Mengine tutayaona."

Nikaliachia bakuli lizame kwenye maji ya sabuni. Kupumzishwa! Nani asiyelijua neno hilo? Kocha akifungwa mechi tatu anapumzishwa. Waziri akiharibu anapumzishwa. Ni neno la kumtupa mtu nje huku umemwekea mto. Wifi yangu alikuwa amesimama pale kwenye soksi ananieleza kwamba atapanda mchicha nyuma ya nyumba, na kwamba amemwambia karani wa stoo asiwe na wasiwasi, akishapumzika atarudi.

"Nimempigia Pacha nikiwa njiani," akasema. "Nimemshukuru. Nimemwambia hajawahi mtu kazini kunifikiria hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema ninastahili."

Mdomo wangu usio na breki siku hiyo ukazipata. Nikatoka nje nikamkuta kaka anafunga bawaba ya geti, nikamweleza. Yeye akasema labda ni mapumziko kweli, Pacha hawezi kumfanyia hivyo mwenzake, wametoka mbali. Nikamwambia kaka, wewe na mkeo Mungu aliwaona. Lakini moyoni nami nilitamani awe amesema kweli, nikaondoka bila kumwambia wifi kitu, naye akanisindikiza hadi njiani akinieleza habari za mbegu.

Ijumaa Mapokezi akaja kufumuliwa. Sikumuuliza, alianza mwenyewe. Kitengo kimefungwa. Chumba cha pazia kimejazwa maboksi, kochi limepelekwa kwa mkurugenzi. Karani wa stoo amerudishiwa simu. Na kule maabarani, kwenye mashine ya wifi, kuna kijana wa mjomba fulani wa Pacha, tangu mwezi uliopita. Mapokezi aliniambia wote pale kazini wanajua, wanamwonea huruma tu, hakuna aliyethubutu kumpigia. Nilimfumua nywele kwa hasira hadi akalalamika.

Nikafunga saluni mchana kweupe nikaenda. Nilimkuta wifi ameinama kwenye makopo ya mchicha, mikono imejaa udongo. Nikamwambia asimame. Nikamwambia bila kuzunguka, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake na mimi nilikuwa nimeshachelewa.

"Kupumzishwa ni kufukuzwa," nilisema.

Akaniangalia begani, ndipo anapoangaliaga watu. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, wifi. Kwa makocha, kwa mawaziri, kwa kila mtu."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Nikamweleza ya maboksi, ya kochi, ya mashine. Alisikiliza yote. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama Pacha anaijua maana hiyo ya lile neno. Hapo nilitaka kumdanganya, Mungu anajua, nilitaka kusema labda Pacha naye hakujua. Nikasema anaijua. Wifi akarudi kuinama, akamalizia makopo yaliyobaki, akanawa, akaingia ndani akalala na viatu. Mtu ambaye havuki kizingiti na viatu.

Jumatatu tukaenda, mimi na yeye. Kaka alitaka kuja nikamkataza, yeye angeomba radhi hata asikokosea. Pacha alipotuona alisimama akaja na mikono imefunguka, akamkumbatia wifi. Akamkumbatia! Yeye anayejua kuliko sisi wote. Wifi alisimama kama nguzo mpaka alipoachiwa.

Tukakaa. Wifi akauliza, "Nimefukuzwa kazi?"

Pacha akaanza. Akasema asilichukulie hivyo, taasisi inapita kwenye mabadiliko, mchango wake hautasahaulika, milango iko wazi. Ni kilemba cha ukoka kile, anavishwa mtu mzima mbele yangu. Wifi alimwacha amalize kisha akauliza tena, maneno yale yale, sauti ile ile. Pacha akasema hali imebadilika. Wifi akauliza hali gani. Pacha akanigeukia mimi, ameishiwa, akaniambia kwa upole, "Wifi, msaidie aelewe."

"Mimi ni msusi," nikamwambia. "Ukalimani ulikuwa kazi yako."

Akatazama meza. Ndipo akasema ndiyo, ameachishwa kazi, na maabarani nafasi yake haipo tena.

Wifi akaitikia kwa kichwa, akaonekana ameshukuru kupata sentensi anayoweza kuishika. "Nilipokupigia kukushukuru," akasema, "ulijua kwamba sijaelewa?"

"Nilijua."

"Ulichagua lile neno ukijua sitalielewa?"

Pacha akaanza kulia. Nami sikumwonea huruma, niseme ukweli, machozi yale yalinikera kuliko maneno. Akasema hakutaka kumuumiza.

Wifi alikaa analifikiria hilo, kama anavyofikiri kila anachoambiwa. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Nilijua atalipokea, atasema sawa, tutaondoka. Lakini akasema, "Hilo si kweli. Ulitaka niondoke bila kelele." Akainuka. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akimkatalia mtu neno lake, na Pacha nadhani hakuwahi pia, kwa sababu alinyamaza kulia ghafla.

Watu wananiambia wifi yako amechangamka siku hizi, hadanganyiki tena. Wananiambia kama wananipongeza. Hawajui wanachosema. Kiwanda kimoja cha juisi kilimhoji, wakamwambia amewapendeza, aje Jumatatu aanze kwenye maabara yao. Akaja kuniuliza walimaanisha nini. Nikamwambia walimaanisha uende Jumatatu, wifi, basi. Akaniuliza nina uhakika gani. Jumatatu nikamkuta nyumbani, amekaa, amevaa za kazini. Nikamsihi hadi koo likauma. Akaniambia kwa adabu kwamba mimi ni wifi yake, na huenda nasema hivyo kumfurahisha.

Na juzi kaka yangu alikuja saluni, hakuna draya iliyoharibika. Akasubiri mteja wa mwisho atoke, akakaa kwenye kile kiti mbele ya kioo, akaniambia kwamba asubuhi, wakinywa chai, alimwambia mkewe kwamba anampenda. Ni jambo analomwambia tangu wakiwa wachumba, na kila siku jibu lake lilikuwa, "Najua."

Siku hiyo aliweka kikombe chini, akamtazama begani, akamwuliza, "Unamaanisha nini?"